Miaka Miwili Baada ya Joho

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000. Ukigawa, utaona kila nafasi iligombewa na watu wapatao 85. Wala hali hiyo haikuanza jana. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita vijana zaidi ya 10,000 kufanya usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70 tu. Majukwaa ya mpira yakageuka chumba cha mtihani.

Nakutajia tarakimu hizi ili uache kujilaumu. Umehitimu, umerudi nyumbani, miezi inakatika, na kila anayekutana nawe anauliza, "Vipi, bado tu?" Swali hilo linauma kwa sababu linakufanya uamini kwamba kasoro ni yako. Lakini wengi wanaokuuliza walikulia katika Tanzania nyingine. Katika miaka ya 1970 nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja, na mhitimu wa Mlimani alipangiwa kazi na serikali. Wakati ule kumwambia kijana "soma kwa bidii, kazi itakuja" lilikuwa neno la kweli. Leo unahitaji kuambiwa mengine.

Haya nayaandika kwa ajili yako uliyevua joho karibuni, au unayetarajia kulivaa mwaka huu. Sheria na ofisi nyingi nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka zake za ajira, za mafao na za mikopo, ingawa mengi ya humu yatakufaa hata ukiwa Unguja au Pemba.

Shauri langu kubwa ni hili: mwajiri wa leo anaajiri kwa kuogopa hasara, na dawa ya hofu yake ni ushahidi. Ushahidi ni kazi uliyoifanya, mtu aliyekuona ukiifanya, na karatasi inayothibitisha kwamba uliifanya. Shahada inathibitisha kwamba ulisoma. Hayo mengine inabidi uyakusanye mwenyewe, mwezi kwa mwezi, hata katika miezi ambayo hakuna anayekulipa. Jipe miaka miwili ya kuyakusanya. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nayo inakutazamia uanze kurejesha miezi 24 baada ya kumaliza masomo, kwa hiyo kipimo hicho hakikutoka hewani.

Karatasi kwanza

Kuna wahitimu hodari wanaoenguliwa kabla hata ya kuulizwa swali moja, kwa sababu ya herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu, cha kidato cha nne kinasema Mariam, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu na shahada ina mawili. Leo hii, kabla ya kuomba kazi yoyote, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya Baraza la Mitihani, cheti cha chuo na kitambulisho cha taifa, kisha usome jina lako herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, anza kuishughulikia sasa. Tofauti ndogo ya tahajia na jina lililobadilika kabisa hayatatuliwi kwa njia moja, kwa hiyo mwone wakili au nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako uulize ni kiapo kinachotakiwa, au hati ya kubadili jina, au marekebisho ya taarifa zenyewe. Shughuli hiyo inaweza kula wiki nyingi, na tangazo la kazi huwa linakaa wazi wiki mbili tu.

La pili ni cheti chenyewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanasema wazi kwamba matokeo ya muda, hati za matokeo na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Wanataka cheti na transkripti. Kama unadaiwa na chuo na cheti kimezuiwa, deni hilo ndilo la kulipa kabla ya madeni mengine yote. Uliyesoma nje ya nchi unahitaji pia shahada yako itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vyeti vyote vipige picha safi, vihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe, siyo kwenye simu peke yake, maana simu zinaibwa.

Kisha jisajili kwenye mfumo wa Ajira Portal na ujaze kila kitu. Barua ya maombi iwe na saini. Wapo wanaoisahau, na maombi yao yanaishia hapo. Wadhamini watatu unaowataja wawe wamekubali kutajwa, na namba zao ziwe zinapatikana.

Matangazo ya Sekretarieti yana kitu ambacho waombaji wengi hukipita haraka: orodha ya majukumu ya kazi. Isome kama muhtasari wa mtihani. Ikiwa jukumu la tatu ni kuandaa taarifa za usuluhishi wa kibenki, chukua kalamu uandae moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usaili una hatua: mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa kada zinazohitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Mchujo ndio unaoondoa watu wengi, na unawaondoa waliojiandaa kwa kukariri maswali ya zamani yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila kurudia misingi ya fani yao. Hata walimu, ambao zamani walipangiwa vituo bila kuulizwa kitu, sasa wanapitia usaili huo. Na ukifaulu mahojiano nafasi zikawa zimejaa, jina lako huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa nafasi inapopatikana, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo na usione usaili uliofaulu bila kupangiwa kazi kuwa umekwenda bure.

Hakuna hatua hata moja katika hizo inayolipiwa. Anayekupigia simu akisema jina lako limepita na "kilichobaki ni elfu hamsini ya fomu" ni tapeli, hata akikutajia namba yako ya kidato cha nne. Vivyo hivyo kwa wanaokuahidi kazi Oman au Dubai na kutaka pesa ya viza kabla hujaona mkataba. Kijana asiye na kazi akitapeliwa anapoteza pesa ambayo mara nyingi ni ya mama yake, na hilo linanikera kuliko neno ninaloweza kuliandika hapa.

Ukishaomba, liache ombi liende zake. Watu wanaumia kwa kukaa wakilisubiri ombi moja miezi sita huku mikono imekunjwa.

Hiyo koneksheni

Utasikia kijiweni kwamba bila koneksheni hupati kitu. Siwezi kukuambia kwamba upendeleo haupo. Upo, na unaumiza. Lakini ukiwauliza watu walioajiriwa kwenye kampuni binafsi za kawaida, maduka ya jumla, viwanda vya kati, shule, hospitali za mashirika ya dini, utakuta aliyewafungulia njia si mjomba mwenye cheo. Mara nyingi ni mhasibu aliyewasimamia fildi, au mhadhiri aliyewatuma kukusanya data, au mwenzao wa darasa aliyetangulia. Mtu huyo alisikia nafasi imetokea akasema, "Namjua mmoja, anafanya kazi vizuri." Aliweza kusema hivyo kwa sababu aliwahi kuwaona kazini.

Basi anza na wale waliokwisha kukuona. Msimamizi wako wa fildi ndiye wa kwanza. Mpigie, umweleze umehitimu, umwombe barua fupi inayosema ulifanya nini kwake na kwa muda gani. Usimwombe kazi siku hiyo. Mwombe ushauri juu ya kitu mahususi: programu gani ya uhasibu inatumika zaidi kwenye kampuni za ukubwa wao, au ni wateja gani wanalalamika kukosa wataalamu. Mtu akiombwa kazi asiyokuwa nayo anaona aibu na kukukwepa. Akiombwa maarifa anajisikia kuheshimiwa, na shikamoo yako ya wiki ijayo ataipokea kwa furaha.

Kama bado uko mwaka wa mwisho, una bahati. Fildi yako ichague kwa akili. Wengi hukimbilia ofisi kubwa ya serikali yenye kiyoyozi, ambako wanafunzi 30 wanagawana viti vitatu na kazi yao ni kupanga mafaili. Ofisi ya watu wanne wanaohangaika na kazi nyingi itakupa kazi ya kweli ndani ya siku mbili.

Nunua daftari moja, uliite la kazi. Kila mwisho wa mwezi andika ulichofanya, kwa tarakimu pale inapowezekana, na jina la mtu anayeweza kukiri kwamba ulikifanya. "Nilisaidia duka la vifaa vya ujenzi kuhesabu mali, aina 412 za bidhaa, tukakuta upungufu kwenye saruji." Sentensi hiyo kwenye CV ina uzito kuliko mistari mitatu ya "mchapakazi, mbunifu, nafanya kazi chini ya shinikizo", ambayo msomaji wa CV ameshaiona mara elfu. Ukurasa wa mwezi ukibaki mtupu, umeshajua mwezi unaofuata uanze wapi.

Kujitolea, na mahali pa kukomea

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu kujitolea kumewaokoa wengi na kumewanyonya wengi.

Kujitolea kunafaa kukiwa na mambo manne. Uwe na barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Uwe na msimamizi mmoja anayejulikana. Kazi unayopewa iwe ya fani yako, au angalau iwe inakufundisha kitu ambacho hukukijua. Na nauli yako irudishwe, au upewe chakula, maana mtu anayejitolea kwa kukopa nauli kila asubuhi anamlipa mwajiri ili amfanyie kazi. Ukikosa mawili kati ya hayo, omba yarekebishwe. Yakikataliwa, aga kwa heshima uondoke.

Muda nao una kikomo. Miezi mitatu inatosha kujua kama mahali hapo pana la kukupa. Miezi sita inatosha kwa wao kujua kama wanakutaka. Baada ya hapo zungumza na bosi wako moja kwa moja, ana kwa ana, siyo kwa ujumbe: "Mzee, nimekaa miezi sita, nimeshika hesabu za tawi, naomba kujua kama kuna mpango wa kunipa mkataba hata wa muda mfupi." Jibu likiwa "vumilia kidogo" kwa mara ya pili, chukua barua yako ya uthibitisho uende. Nimewaona vijana, hasa walimu na watu wa maabara, wakimaliza miaka mitatu wakijitolea kituo kimoja, wakibeba mzigo wa mwajiriwa kamili. Uvumilivu wao ni mkubwa na unastahili sifa, ila kuna mtu anayeutumia kuokoa mshahara.

Kabla ya kwenda kujitolea kiholela, angalia kwanza mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu unaoratibiwa na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Kule unaunganishwa na mwajiri kwa utaratibu wenye mkataba, na unatoka na cheti kinachotambulika.

Fani nyingine zina mlango wake rasmi, na usipoupitia shahada yako inabaki nusu. Mhandisi ajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, kisha atafute nafasi kwenye mpango wao wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu. Ndio unaomfikisha kwenye usajili wa mhandisi mtaalamu. Aliyesoma sheria hawi wakili bila kupitia Shule ya Sheria. Daktari ana mwaka wake wa mafunzo ya vitendo. Aliyesoma uhasibu ana mitihani ya NBAA, na wa ununuzi na ugavi ana ya PSPTB.

Kwa hao wawili wa mwisho nina msimamo mkali. Ukiwa na akiba au msaada wa kulipia kitu kimoja tu katika miaka hii miwili, lipia mitihani ya bodi kabla ya shahada ya uzamili. Naelewa kishawishi cha kurudi chuoni. Ukiwa mwanafunzi hakuna anayekuuliza "bado tu?" Lakini uzamili wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi humwongezea ada na matarajio ya mshahara bila kumwongezea ushahidi, na waajiri wengi humwona ghali kabla hajafungua mdomo. Soma uzamili ukiwa kazini, ukishajua ni swali gani unataka likujibu. Wanaotaka kuwa wahadhiri ndio wenye sababu ya kuwahi, nao wawe na ufaulu wa juu kweli.

Zaidi ya bodi, jipatie ujuzi wa pili unaosimama karibu na wa kwanza. Mtu wa kilimo anayeweza kuchora ramani kwa kompyuta. Mtu wa sosholojia anayejua kusafisha data na kuzisoma. Mhasibu anayejua kuendesha mashine za kielektroniki za risiti na kuandaa ritani za TRA bila kumkosesha mteja wake usingizi. Mhitimu wa Kiswahili anayeweza kumfundisha mgeni kuanzia sifuri, kazi inayohitaji mafunzo yake, na BAKITA huyatoa. VETA nao wana kozi fupi, na mwenye shahada asione haya kukaa darasani na fundi. Na usidharau leseni ya pikipiki: kazi za miradi vijijini, za ugani, za afya ya jamii, za kufuatilia mikopo, huiulizia, na mwenye shahada asiyeendesha anapitwa na mwenye stashahada anayeendesha.

Nje ya Dar

Wahitimu wanarundikana Dar es Salaam, halafu wanashangaa kwamba kila tangazo lina foleni. Chukua ramani uitazame kwa jicho la mtu anayetafuta mahali ambapo ujuzi wake ni adimu. Kahama na Geita zimejaa biashara zinazozunguka migodi: usafirishaji, vipuri, chakula, usalama mahali pa kazi. Tunduma ni mpaka wenye malori usiku na mchana, na kila lori lina karatasi za forodha. Njombe wana parachichi zinazokwenda nje ya nchi na zinahitaji watu wa ubora na kumbukumbu za shambani. Lindi na Mtwara, msimu wa korosho, vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, hupitisha fedha nyingi sana kwa miezi michache, na vingi vina watunza hesabu waliosoma kidogo. Kijana wa uhasibu anayekwenda kukisaidia chama kimoja kufunga hesabu zikapita kwa wakaguzi amejitengenezea jina wilaya nzima.

Kuishi huko ni nafuu pia. Kodi ya chumba Dar, ambako mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, inaweza kumaliza mtaji wako wote kabla hujafanya usaili wa kwanza.

Kipato kidogo katikati ya safari

Huwezi kukusanya ushahidi ukiwa na njaa. Tafuta kazi ya kukupa chakula na nauli, na usiionee haya: kufundisha twisheni, kuuza mitumba, kusaidia duka la ndugu, kuandikia watu barua na maombi yao ya mtandaoni. Ila chagua, kama inawezekana, ile inayogusa fani yako hata kwa mbali, ili nayo iingie kwenye daftari.

Ikianza kukua, irasimishe mapema. Kusajili jina la biashara BRELA ni Sh 20,000 na hufanyika kwa mtandao. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa na TRA bure. Ukishakuwa na jina lililosajiliwa, unaweza kupewa kazi na taasisi ambayo isingeweza kukulipa wewe binafsi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na maombi hupitia mfumo wa NeST. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hupitia vikundi, na hapo ndipo penye shida: mwenzako mmoja akikimbia, deni ni lenu. Unda kikundi na watu uliowahi kugawana nao fedha bumu lilipochelewa, ukaona tabia zao.

Mikopo mingine ikimbie. "Kausha damu" ya mtaani na ile ya simu inayokupa elfu thelathini kwa dakika mbili, kisha inawatumia ujumbe wa aibu watu wote kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa popote, tazama kama anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu. Na kubeti si kipato. Nimesema.

Zungumza mapema na watu wa nyumbani. Waambie baba na mama, au mlezi aliyekusomesha, mpango wako wa miaka miwili: unafanya nini sasa, unasubiri nini, utaanza kusaidia lini na kwa kiasi gani. Wazazi wengi wanaweza kuvumilia kutopokea chochote kwa muda. Kinachowatesa ni kukuona umekaa kimya, hawajui unawaza nini.

Siku ya kusaini

Kazi imepatikana. Furaha isikuzuie kusoma.

Anza na hesabu. Tuseme umeahidiwa Sh 600,000 kwa mwezi, zote zikiwa mshahara wa msingi. NSSF wanachukua asilimia 10, Sh 60,000. Kodi inakokotolewa kwenye Sh 540,000 zilizobaki: Sh 270,000 za kwanza hazitozwi, Sh 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na Sh 20,000 za mwisho asilimia 20. Jumla ya kodi ni Sh 24,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh 90,000. Mkononi zinabaki Sh 426,000. Ndani ya hizo kuna kodi ya chumba, nauli, chakula na nyumbani. Mtu anayeijua hesabu hii kabla ya kusaini hukubali au hukataa kwa macho makavu, na hapangi chumba cha mtu anayepokea laki sita. Usijaribu kuikwepa Bodi ya Mikopo kwa kumficha mwajiri. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa ikifanya deni livimbe ilifutwa 2021, kwa hiyo kila unacholipa sasa kinapunguza deni kweli.

Mkataba uwe wa maandishi na nakala moja ibaki kwako. Tafuta humo cheo, majukumu, mahali pa kazi, mshahara, saa za kazi na aina ya mkataba: wa muda maalumu au usio na kikomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Jua pia kwamba kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Miezi hiyo ya mwanzo fanya kazi kwa uangalifu wa pekee: fika mapema, maelekezo ya mdomo yathibitishe kwa barua pepe fupi, na usichukue mkopo wa benki unaotegemea mshahara ambao bado hauna kinga.

Baada ya mwezi wa pili, angalia taarifa zako NSSF. Wapo waajiri wanaokata asilimia 10 yako kila mwezi bila kuipeleka, na mfanyakazi huja kugundua siku anapohitaji mafao. Ukikuta pengo, uliza kwa upole utumishi, kisha kwa maandishi, kisha nenda ofisi ya NSSF na hati zako za mshahara. Kwa sababu hiyo usitupe hata hati moja ya mshahara. Na kama umejiajiri, unaweza kujiandikisha mwenyewe ukachangia.

Mshahara wa miezi ya mwanzo utaonekana mkubwa kwa sababu umezoea patupu. Tenga akiba kabla ya kingine chochote, iwe benki, kwenye simu au kikoba cha watu unaowaamini, mpaka ufikie kiasi cha kuishi miezi mitatu bila kazi. Mwenye miezi mitatu kibindoni anaweza kukataa kusaini kitu kisicho sahihi. Asiye nayo atasaini.

Daftari la kazi usiliweke kabatini kwa sababu umeajiriwa. Mkataba wa muda maalumu una mwisho, miradi hufungwa wafadhili wanapoondoka, kampuni hupunguza watu. Anayeweza kueleza kwa tarakimu alichofanya mwaka uliopita ndiye anayeomba nyongeza akiwa na hoja, na ndiye anayepata pengine kabla ya wenzake.

Ikitokea umeachishwa na unaamini haikuwa haki, una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Watu hupoteza haki zao wakiwa wanambembeleza bosi wa zamani huku siku zinahesabika. Hata ukiondoka kwa amani, sheria inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi. Kiombe kabla hujakabidhi funguo na kompyuta, ukisome papo hapo, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.